Posho haikuwa mshahara: miaka minne ya lori na siku 52 nilizokaa kimya

Nilikabidhi funguo za gari Jumatatu ya tarehe 22 Juni 2020, saa 5 asubuhi, kwenye yadi ya tajiri wangu jijini Dar es Salaam. Hakuinua uso kutoka kwenye simu yake. "Kijana wangu, kazi hakuna. Funguo mwachie mlinzi, mambo yakikaa sawa nitakupigia." Nikamuuliza mshahara wa Aprili, wa Mei na wa hizo siku za Juni. Akasema gari haikutembea, sasa mshahara utoke wapi? Nikaitika "sawa mzee", nikatoka na begi langu, kigodoro cha kwenye kebini na jiko la gesi. Miaka 4 na miezi 3 ya kazi ilienea kwenye bodaboda moja.

Ile "sawa mzee" ilinigharimu hela nyingi kuliko kosa lolote nililowahi kufanya barabarani. Nitafika huko. Lakini lazima nianzie mbali kidogo, kwa sababu siku ile haikuanzia pale ofisini.

Nilianza kama utingo mwaka 2012. Nilijifunza gari kwa suka, yaani dereva, wangu wa kwanza: kufunga turubai, kugonga matairi kwa chuma na kusikiliza sauti yake, kumwongoza dereva anaporudisha tela nyuma. Mei 2015, madereva walipogoma nchi nzima na mikataba ya ajira ikawa miongoni mwa madai yao, tulikuwa tumepaki Chalinze na mzigo juu. Nilikaa chini ya tela nikisikiliza wakubwa wakibishana kuhusu mikataba, na nakiri sikuona inanihusu. Nilichotaka mimi kilikuwa usukani. Machi 2016, leseni ya daraja E ikiwa bado inanukia upya, nikaupata.

Usaili ulichukua dakika 20. Nilirudisha nyuma semi, lori la tela, kwenye nafasi finyu bila kugusa ukuta, tajiri akatabasamu. Mshahara Sh350,000 kwa mwezi, posho kwa kila safari. Nikauliza mkataba, nikajibiwa kwamba "hapa tunaishi kama familia, mwanangu, karatasi za nini?" Nikaona aibu kuwa nimeuliza.

Ndugu yangu unayeingia kwenye kazi hii sasa, usione aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako: cheo, mahali, saa za kazi, mshahara na namna unavyolipwa. Na kuna jambo ndani ya kifungu cha 15 ambalo nililijua nimeshachelewa: kesi ikifika mbele, mwajiri asipoweza kuleta hayo maandishi, ni yeye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Kwa hiyo kukosa mkataba hakukuondolei haki. Nimekutana na madereva wengi walioacha kudai kwa sababu tu waliambiwa, "wewe huna mkataba, utaenda kusema nini?"

Sasa nizungumzie posho, maana ndiyo iliyonifumba macho miaka yote ile.

Safari yangu kubwa ilikuwa Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Kwenda tunabeba salfa ya migodini, kurudi tunabeba shaba. Unatoka Dar, Morogoro, unapita Mikumi, unapanda Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya hadi Tunduma. Hapo umeshatembea zaidi ya kilomita 900 na bado Zambia yote iko mbele yako: Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, mpaka Kasumbalesa unapoingia Kongo. Tajiri alikuwa ananipa Sh800,000 kwa mzunguko mzima, yaani kwenda na kurudi. Humo ndani natoa Sh100,000 ya utingo. Tunakula sisi wawili. Tunalipia choo, bafu na maegesho, na mtu wa kulinda gari usiku ili tusiibiwe dizeli au kukatwa turubai. Pancha ndogo ndogo ni juu yangu. Laini ya simu ya Zambia, halafu ya Kongo, juu yangu.

Safari za mwanzo zilichukua siku 16 au 17. Nikirudi nina kama Sh350,000 mfukoni, sawa na mshahara wa mwezi mzima, na mshahara wenyewe bado. Nilijiona nimeshafanikiwa. Mshahara ukichelewa wiki mbili sikuuliza. Ukichelewa mwezi, nilijiambia si kuna safari nyingine keshokutwa? Nikishaondoka na posho mpya nimeshasahau. Hivyo ndivyo unavyozoeshwa kudai safari badala ya kudai mshahara. Na tajiri anajua.

Halafu ikaja foleni. Mwishoni mwa 2016 nilikaa Kasumbalesa siku 9 upande wa Zambia nikisubiri kuvuka, na siku nyingine 5 ndani kusubiri kushusha. Safari ile ilichukua siku 31. Posho ilikuwa ile ile Sh800,000. Nilirudi nyumbani na Sh20,000 na deni la mama ntilie wa pale Nakonde aliyetulisha kwa imani tu. Mke wangu alinitazama, akauliza kwa upole kama nina mtu mwingine njiani. Siwezi kusahau swali hilo. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anapiga hesabu ya mtu aliyeondoka mwezi mzima na kurudi bila kitu, na hesabu ilikuwa inakataa.

Jambo la kuuliza kabla hujachukua gari ya mtu: posho hii ni ya siku ngapi, na siku zikizidi kwa foleni ya boda, naongezewa kiasi gani kwa siku? Baadhi ya kampuni zina posho ya kusubiri. Kama hawana, bora ujue mapema kuwa foleni utailipia wewe. Na jua kuwa likizo, notisi, kiinua mgongo na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida vinapigwa kwenye mshahara. Tajiri akikwambia "mshahara wangu mdogo lakini posho nzuri", anakwambia pia kwamba siku mkiachana utaondoka na kidogo.

Foleni hiyo hiyo ndiyo iliyonikutanisha na mzee mmoja wa Mbeya, dereva wa miaka mingi. Ilikuwa Tunduma, mwanzoni mwa 2017. Kila jioni anatoa kaunta buku lenye jalada jekundu kutoka chini ya kiti na kuandika. Nikamuuliza anaandika nini. Akanipa nisome: tarehe, mahali, saa aliyowasha gari, saa aliyozima, kilomita, hela aliyopewa na nani, hela iliyotoka. "Kichwa cha dereva kinakumbuka barabara, mwanangu. Hela na tarehe hakikumbuki." Nilinunua la kwangu siku ile ile. Sikujua nitalitumia wapi. Nilimwiga tu kwa sababu nilimheshimu.

Agosti mwaka huo nikaandika ukurasa ambao hata leo nikiufungua mikono inaingia baridi. Tulitoka Dar saa 10 alfajiri. Traka ya gari inaonekana ofisini, ukisimama nusu saa simu inaita: "Vipi huko, mbona umelala?" Tulisimama mara mbili kula. Saa 9 usiku tulikuwa kati ya Makambako na Igawa, mahali ambapo barabara inanyooka na giza linakuwa zito. Nakumbuka bango la kijiji. Kinachofuata ni sauti ya utingo wangu, "Suka!", na kokoto zinagonga chini ya gari kama mvua ya mawe. Tairi za kushoto zilikuwa nje ya lami. Nilirudisha usukani taratibu, kidogo kidogo, kwa sababu ukikata ghafla na tani zile mgongoni tela linakulaza. Liliporudi barabarani nilisimama, nikashuka, nikakaa kwenye ngazi ya kebini. Utingo hakusema neno. Alinipa maji, akasimama mbele yangu kama anayenilinda.

Kitabu kinaonyesha nilikuwa nimewasha gari saa 23 kabla. Sheria inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zinazozidi ni za ziada na zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Inasema pia mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Sikulipwa hata shilingi ya saa za ziada. Lakini kwa kweli kilichoniuma si hela. Ni kwamba niliona kawaida. Nilijisifu kwa wenzangu kuwa Dar–Tunduma napiga bila kulala, na wao wakanisifu. Nilikuwa nimembeba kijana wa watu wa miaka 22 kwenye sifa hizo.

Tangu siku ile nilianza kupaki saa 4 usiku. Tajiri alinigombeza safari mbili, ya tatu akazoea. Hakunifukuza. Huenda ningeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2018 yakaja makato ya dizeli. Fundi alipima tanki tuliporudi, akasema zimepungua lita 180. Sikuuza hata lita moja. Tulikuwa tumekaa foleni siku nyingi, injini inawashwa na kusogea mita 10, inazimwa, inawashwa tena. Katibu wa tajiri akanipa karatasi nyeupe: "Saini hapa chini, maelezo nitajaza mimi, usichelewe kupakia." Nikasaini. Jamani, nikasaini karatasi tupu. Mwisho wa mwezi nilikatwa Sh405,000, yaani mshahara wote na salio likahamia mwezi uliofuata, na karatasi ilisomeka kuwa nimekubali kosa na kuridhia kukatwa.

Baadaye nilifundishwa kuwa makato ya hasara yana masharti. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, ukubali kwa maandishi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wako. Kwa mshahara wangu robo ni Sh87,500. Mambo ni hayo hayo kwa faini za mizani. Tangu Machi 2019, sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ilipoanza kutumika nchini, ukomo ukiwa tani 56 kwa gari na mzigo wake, nilikatwa mara mbili kwa uzito uliozidi kwenye ekseli wakati aliyepakia si mimi. Nilijifunza kuomba karatasi ya uzito kabla sijatoka yadini na kuipiga picha. Na ukipewa karatasi yenye nafasi tupu, chora mstari kwenye nafasi hizo ndipo usaini. Ukiona haielezi ukweli, andika kwa mkono wako juu ya saini: "sikubaliani". Hilo neno moja linaweza kukuokoa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulisimulia kwa mtu yeyote.

Tarehe 14 Novemba 2019, karibu na Igawa, tairi la tela lilipasuka. Tulisimama pembeni, udongo ulikuwa laini kwa mvua. Niliweka ubao chini ya jeki, lakini ubao wenyewe ulikuwa mwembamba. Utingo alikuwa ameshika ringi akiisogeza kwenye bolti. Jeki ikazama upande mmoja. Sikusikia mlio mkubwa, nilisikia tu akivuta pumzi. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilikuwa vimebanwa. Tuliposaidiwa na lori lingine kunyanyua, vilikuwa havifai tena. Hospitali walivikata usiku ule.

Nilimpigia tajiri nikiwa kwenye korido. Akaniambia, "Pole sana, lakini mzigo ufike kwanza." Nikamwachia kijana Sh40,000 na shati langu la mikono mirefu, nikaondoka. Nikamwacha peke yake. Tajiri alimtumia Sh50,000 kwa simu na nauli ya kwenda kwao. Alisema yule si mfanyakazi wake, ni mtu wangu, si mimi ndiye ninayemlipa? Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli nilikuwa namlipa kutoka kwenye posho. Nilimtafuta mara mbili kwa simu, halafu nikaacha, kwa aibu.

Mwaka 2020 wote mnaukumbuka. Aprili corona ilifika mipakani, madereva tukawa watu wa kukimbiwa. Kila mahali ulipopaki watu walisogea mbali. Tarehe 11 Mei Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, mimi nikiwa Tunduma kwenye msururu na posho imebaki Sh60,000. Tulikula mara moja kwa siku. Mpaka ulipofunguliwa upimaji ulikuwa wa kusubiriana. Nilirudi Dar katikati ya Juni. Tarehe 22 nikaitwa ofisini, na hayo niliyoanza nayo yakatokea.

Nilisubiri simu. Wiki ya kwanza nilimpigia, akasema subiri gari mbili ziingie. Wiki ya tatu akasema anauza kichwa kimoja cha lori, akikiuza ananilipa. Nilimwamini, na nataka mjue kwa nini: mtu aliyekulisha miaka minne unamwona mzazi. Nilikopa Sh300,000 kwa shemeji. Mke akaanza kuuza vitumbua. Mwanangu wa kwanza, shule zilipofunguliwa, alirudi darasani na viatu vilivyobana, hakuniambia.

Ni dereva mwenzangu aliyewahi kufukuzwa ndiye aliyeniuliza, "Umeshaenda Tume?" Alimaanisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA. Nilikwenda tarehe 13 Agosti. Mama mmoja wa dirishani aliniuliza swali moja tu kabla ya yote: uliachishwa lini? Nikataja tarehe. Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu, akageuka. "Siku 52, baba."

Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa lifikishwe Tume ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mishahara na likizo, ndani ya siku 60. Nilikuwa nimeshapoteza la kwanza na nimebakiwa na siku 8 za la pili. Wakati ule sheria ilitaja fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo halali. Kwangu ni Sh4,200,000. Vifungu vya fidia vimefanyiwa marekebisho baadaye, kwa hiyo uliza vya sasa, lakini siku zile ndizo hela nilizoziacha zipite huku nikisubiri kichwa cha lori kiuzwe.

Niliomba kuongezewa muda. Kuna fomu yake na kiapo cha kueleza sababu za kuchelewa. Sababu yangu ilikuwa kwamba mwajiri aliniahidi. Ombi lilikataliwa: ahadi na mazungumzo ya pembeni havizuii siku kuhesabika. Niliumia, lakini nilielewa. Zungumza na tajiri wako, hakuna ubaya, ila zungumza naye ukiwa umeshafungua shauri. Na makato ya dizeli ya 2018? Hayo yalikuwa yamezikwa kitambo.

Kufungua shauri hakukunigharimu ada. Nilijaza Fomu namba 1, na hapa wengi hukwama: nakala lazima impate mwajiri, na wewe uonyeshe ushahidi kuwa imempata. Nilipoipeleka yadini mlinzi aliambiwa asiipokee. Nikaituma kwa rejista Posta, nikabandika risiti kwenye faili. Wakili niliyemwendea alitaka Sh500,000 za kuanzia, sikuwa nazo, nikaamua kusimama mwenyewe. Nauli, nakala na siku nilizokosa vibarua vilinila kama Sh90,000.

Kikao cha kwanza tajiri hakutokea. Cha pili, tarehe 10 Septemba, alikuja na katibu wake. Msuluhishi alimuuliza kama ana mkataba wangu. Hana. Akasema mimi nilikuwa kibarua wa kulipwa kwa safari. Ndipo nikafungua mfuko wa plastiki nikatoa makaunta buku matatu. Msuluhishi alisoma kurasa kama kumi hivi, kimya. Tarehe, kilomita, hela iliyopokelewa kwa simu, nani aliituma. Kisha nikaonyesha meseji za malipo zenye neno "mshahara", moja hadi nyingine, kuanzia 2016. Katibu alimwinamia tajiri sikioni. Sijui alimwambia nini, ila sauti ya tajiri ilibadilika tangu hapo.

Nilidai mishahara isiyolipwa, likizo ya mwaka wa mwisho ambayo ni siku 28, notisi, na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka niliokamilisha. Jumla kama Sh2,030,000. Tulikubaliana Sh1,700,000 kwa awamu mbili. Mtu anaweza kusema niliuza haki yangu. Huenda. Nilikuwa na deni la shemeji na mtoto mwenye viatu vya kubana, na kwenda hatua ya uamuzi ni miezi mingine. Ninachojivunia ni kuwa nilikataa kusaini mpaka hati ya makubaliano iandikwe tarehe za kila awamu, na kwamba akikosa moja, zote zinadaiwa kwa pamoja. Hati hiyo ina nguvu ya kukaziwa mahakamani. Alilipa ya kwanza kwa wakati na ya pili siku ya mwisho kabisa, jioni.

Katika kuhangaika huko nilipita NSSF kuangalia michango yangu. Kwenye mshahara nilikuwa nakatwa Sh35,000 kila mwezi. Kwenye akaunti ilionekana michango ya miezi 14, katika miezi 51. Nilikaa kwenye benchi la pale nje muda mrefu. Malalamiko yangu yalipokelewa na mwajiri akafuatiliwa, lakini ningekuwa naangalia kila miezi mitatu ningeligundua mwaka wa pili, sio wa tano. Siku hizi unaangalia kwa simu, haichukui dakika tano.

Na ilikuwa ni siku hiyo, tarehe 2 Novemba, kwenye benchi lile, mtu aliyekaa jirani yangu akiwa na mguu wa bandia aliponieleza kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kwamba ukiumia kazini mfuko unalipa matibabu na ulemavu, kwamba mchango wake anatoa mwajiri peke yake, na kwamba taarifa ya ajali lazima ifike ndani ya miezi 12. Nikamuuliza mara mbili: miezi mingapi?

Nilirudi nyumbani nikatoa kaunta buku la 2019. Ukurasa ule ulikuwa na alama ya grisi. Alhamisi, 14/11, Igawa, saa 11 jioni, tairi la tela, jeki, mkono wa kulia. Zilikuwa zimebaki siku 12.

Nilimpigia yule kijana. Namba ilikuwa imefungwa. Nikampata kupitia dereva wa kwao Njombe, akaja kwa basi nililomlipia nauli kutoka kwenye awamu ya kwanza. Swali la kwanza pale WCF lilikuwa lile lile la tajiri: huyu ni mfanyakazi wa nani? Lakini kila tulipovuka boda tulibeba barua ya kampuni yenye mhuri, inayotutaja sote wawili kwa majina, dereva na msaidizi wake. Nilikuwa na nakala nne. Karatasi za hospitali mama yake alikuwa amezihifadhi kwenye Biblia. Ilichukua mwaka mwingine wa kufuatilia, simu na barua, hadi malipo yake yalipotoka, na ameyafungulia duka la vipuri vya pikipiki.

Tarehe 9 Novemba 2020, tulipowasilisha taarifa, alipewa kalamu asaini. Akaihamishia mkono wa kushoto. Aliandika jina lake taratibu, herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nikashika karatasi isisogee.